Ekstansio Yetu ya Rubondo

Nimekutana na wajinga wengi maishani, na sina ugomvi nao. Mjinga unamweleza jambo, akisikia sawa, asiposikia mnaachana kwa amani. Watu ambao mpaka leo siwezi kuwatazama bila kukunja uso ni wale wenye vyeo vya hewa. Hao niliwaona kwa wingi katika mwaka mmoja tu, kati ya Rubondo na Mbarara, na sababu yao ilikuwa chuo.

Usinitafutie jina la chuo chenyewe. Si kile kikubwa mnachokijua. Hiki kilikuwa chuo kidogo cha serikali, cha walimu wa msingi na mambo ya kilimo, na kimeshakufa bila mtu kukililia. Makao yake yalikuwa Mbarara mjini, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kilikuwa na tawi Bwizibwera, kwenye barabara ya Ibanda, vyumba viwili nyuma ya mahali wanapokusanyia maziwa. Halafu tulikuwepo sisi.

Sisi tulikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, zoni ya Rubondo, Wakongomani wa Kivu ya Kusini. Tulisomea ndani ya kanisa letu la mabati, na mwalimu alitufuata kwa pikipiki kila Jumamosi, kijana wa Kinyankole mwenye subira, akifika amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Wanafunzi, ukinitoa mimi, karibu wote walikuwa wanawake waliokuwa wakifundisha tayari katika shule za msingi za kambi, bila cheti. Mmoja wao alikuwa yaya. Kwetu yaya si mtumishi wa kulea watoto. Yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, na huyu wangu alikuwa dada, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Alifundisha darasa la pili. Mume wake tulimzika njiani tulipokimbia, kwa hiyo watoto walikuwa wake, shamba la maharage lilikuwa lake, na mama, ambaye macho yalikuwa yamekwisha zima, alikuwa wake pia. Asubuhi alikuwa mtu wa kisima, mchana mtu wa chaki, jioni mtu wa jembe.

Mkaguzi wa shule alikuwa amekwisha sema: mwaka unaofuata, asiye na cheti hasimami mbele ya watoto. Yaya alikuwa amebakiza muhula mmoja. Shika hilo kichwani, kwa sababu ndilo jambo lenyewe: muhula mmoja wa mwanamke mmoja, na wenzake waliokuwa kama yeye. Mengine yote ninayosimulia hapa ni upuuzi wa wanaume.

Neno lililotuponza ni ekstansio. Darasa lilipoanzishwa, alikuja bwana mmoja kutoka Mbarara, akasimama kanisani, akasema kwa Kiingereza kwamba kuanzia siku ile sisi tuko chini ya ekstensheni. Lo! Kanisa lote lilipiga makofi. Huko kwetu, chuo cha mjini kikifungua madarasa fasi ya mbali, madarasa hayo yanaitwa ekstansio, na kila mtu anajua mwisho wake: ekstansio inakua, inavunja uhusiano na mama yake, inakuwa chuo kamili na mkurugenzi wake na gari lake. Ndivyo wazee wetu walivyosikia. Bwana wa Mbarara alishangaa furaha ile, akapunga mkono, akapanda gari lake akaenda. Hakuna aliyemuuliza alikuwa na maana gani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wanaume walibaki kanisani kuchagua komite de jestio, yaani wale wakubwa wanaoendesha chuo. Si mwalimu mkuu mmoja, kama watu wenye akili wangefanya kwa darasa moja lenye ubao mmoja. Hapana. Walichagua DG, mkurugenzi mkuu. Chini yake wakachagua SGAC, katibu mkuu wa masomo, tunatamka esjeak. Wakachagua katibu mwingine wa utawala, na wa nne wa bajeti, ingawa bajeti yenyewe hatukuwahi kuiona hata kwa mbali. Mabishano yalikwenda mpaka jua likazama. Wanafunzi, ambao ndio waliokuwa chuo, hawakuulizwa kitu. Walikuwa nje wanapika ugali wa mkutano.

DG wetu alikuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari huko Kivu, zamani. Kambini alikuwa na paneli ya jua pale sokoni, anachajia watu simu. Kazi safi, siidharau. Lakini baada ya uchaguzi ule hakukubali tena kuitwa kwa jina lake. Ukimwendea na simu yako imezimika ukamwambia "habari ya asubuhi, papa", yaani baba tu, alikuwa anaangalia pembeni mpaka useme "Monsieur le DG". Alikwenda Mbarara kuchongesha mhuri wa duara. SGAC alikuwa muuza vitenge, mtu mwenye shingo ndefu na maneno marefu zaidi, na yeye alitaka mhuri wake, wa mraba. Wakanuniana juu ya hiyo mihuri. Ilifika hatua, mmoja akiingia kanisani kwa mlango wa mbele, mwingine anatoka kwa mlango wa mchungaji. Na vyeti vya kugonga mihuri hiyo havikuwepo. Vyeti vilikuwa Mbarara, juu ya magodoro.

Nisije nikaonekana nawasema ndugu zangu peke yao. Kule Bwizibwera alikuwepo prinsipali, mtu mfupi aliyevaa koti hata jua likiwaka. Tawi lake lilinuka maziwa yaliyochacha, wanafunzi wake walikuwa wachache kuliko wetu, na hilo lilimkosesha usingizi. Alipigana na Mbarara kwa sababu Mbarara walikuwa na mashine ya fotokopi. Alipigana na sisi kwa sababu tulikuwa na watu. Wafadhili walipotuletea jenereta ya darasa, ilipitia kwake "kukaguliwa", na mara ya mwisho mwalimu wetu kuiona ilikuwa inapoza mapipa ya maziwa. Tulipouliza, jibu lilikuja kwamba jenereta ni mali ya matawi, na Rubondo si tawi. DG wetu aliposikia hilo alikasirika wiki nzima, si kwa sababu ya jenereta, bali kwa sababu ya kuambiwa yeye si tawi.

Basi prinsipali akaja na wazo lake. Alipeleka ombi kwenye halmashauri ya chuo kwamba darasa la walimu la Rubondo lihamishiwe Bwizibwera, kwa ajili ya ubora. Ubora! Kutoka Rubondo mpaka Bwizibwera unaamka alfajiri, unaomba ruhusa ya kutoka kambini, unapanda pikipiki mpaka barabarani, unapanda gari mpaka Mbarara, unapanda jingine, unafika somo la asubuhi limekwisha. Mwanamke mwenye watoto na mama kipofu afanye hivyo muhula mzima? Prinsipali alijua vizuri kwamba hawatakuja. Hakuwataka wao. Alitaka majina yao yahesabiwe kwake.

Mwalimu wa pikipiki ndiye aliyetuletea habari, na akatuambia tutume mtu kwenye kikao cha halmashauri, vinginevyo limepita. Komite ilikaa. Ikakubaliwa DG aende, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kusomea tu, mimi niende kumfasiria, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbarara. SGAC naye alitaka kwenda. DG alikataa. Alisema wakuu wawili hawawezi kusafiri pamoja, ajali ikitokea chuo kitabaki yatima. Nilicheka. Hawakucheka wao.

Asubuhi ya safari yaya alikuja mpaka kwenye paneli ya simu, kanga yake bado ina maji ya kisima. Alipiga goti kidogo, kama tunavyowasalimu wakubwa, nami nikaumia kumwona anampigia goti mtu yule. Alikuwa amefikiri usiku kucha na amekata maneno yake yakawa machache.

"Monsieur le DG, siombi mingi. Ubaambie kitu moja tu: batuachie tumalizie hapa hapa. Muhula moja. Kisha bapeleke darasa fasi benyewe banataka."

DG aliweka mkono kifuani, akasema amesikia, yeye ni baba wa wote. Yaya aliniangalia mimi, si yeye. Nikamwambia kwa macho kwamba nami nimesikia.

Halmashauri ilikaa kwenye chumba kirefu, na kutoka chini ilipanda ile harufu ya magodoro mapya. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye tumbo, mtu wa zamani wa jeshi kwa jinsi alivyozungumza, na mbele yake palikuwa na chai na sambusa ambazo alizila peke yake. Ajenda ya kwanza ilikuwa ubao wa jina: Bwizibwera wameandika jina la tawi kwa herufi kubwa kuliko jina la chuo. Walibishana juu ya herufi zile mpaka chai ikaisha, ikaletwa nyingine. Nilikuwa namfasiria DG, naye alitikisa kichwa kwa makini, akaninong'oneza kwamba ni jambo zito, sisi pia tutahitaji ubao. Nilitamani kumpiga teke chini ya meza.

Ndipo ikafika yetu. Prinsipali alisimama, akaeleza ubora wake. Mwenyekiti akaangalia karatasi, akauliza Rubondo iko chini ya nani. Mtu akamjibu: iko chini ya ekstensheni. Mwenyekiti akasema vizuri, mkuu wa ekstensheni asimame atoe maoni.

DG wetu alisimama. Alifunga kifungo cha koti.

Na upande wa pili wa meza akasimama mtu mwingine, mwembamba, na gamubuti miguuni, na matope yakiwa bado kwenye gamubuti. Nilimjua. Kila mkulima wa Rugaaga na wilaya nzima ya Isingiro anamjua: ni bwana shamba wa chuo, yule anayezunguka kuwaambia watu wakate migomba yenye ugonjwa na kuwadunga mbuzi sindano. Ekstensheni, kwa Uganda, ndiyo hiyo. Ni kazi ya bwana shamba. Ilinichukua muda kulimeza jambo lile nikiwa pale pale nimekaa. Mwaka mzima, komite nzima, mihuri miwili, kununiana kote kule, kumbe chuo chetu kilikuwa kimewekwa kwenye fungu la mbuzi.

Watu walianza kucheka. Mwenyekiti akamgeukia DG, akamsemesha kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, "Ssebo, wewe iko nani?" DG akajibu kwamba yeye ndiye mkurugenzi mkuu wa ekstansio ya Rubondo. Bwana shamba akamtazama kwa huruma, akasema kwamba yeye ndiye mkuu wa ekstensheni, hajawahi kusikia habari ya darasa la walimu, mbuzi wa Rubondo anawajua, walimu hawajui, na wakihamishwa yeye hana shida. Akakaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameulizwa kitu kisichokuwa chake, akajibu kwa uaminifu.

Mwenyekiti, nadhani kwa sababu alikuwa ameshiba, alitupa nafasi. Alimwambia DG: basi umefika kutoka mbali, sema unachotaka. Hata prinsipali alionekana kuogopa kidogo. Nikasema moyoni, haya, sasa, maneno ya yaya, ni machache, hata mtoto angeyakumbuka.

DG alizungumza kwa muda mrefu. Alitaka cheo chake kitambuliwe. Alitaka kiti katika halmashauri. Alitaka mhuri wake uandikishwe, na uwe wa duara peke yake, ule wa mraba usikubaliwe. Mimi nafasiri, sentensi kwa sentensi, na masikio yananiwaka moto. Alipoketi nilimwinamia nikamwambia kwa Kiswahili: papa, muhula. Sema neno la muhula. Akanijibu kwa sauti ya kunifundisha adabu:

"Mambo ya masomo haiko atribusio yangu. Ile ni atribusio ya SGAC."

Atribusio! Yaani kazi iliyoandikwa kwa cheo chake. SGAC alikuwa Rubondo anapima vitenge, amekatazwa kuja na huyu huyu. Basi nilisimama mwenyewe. Nilisema kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho kwamba wanawake wale wamebakiza muhula mmoja, kwamba Bwizibwera hawafiki, kwamba mwaka ujao watatolewa mashuleni, na kwamba tunaomba tu waachwe wamalizie pale pale. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama hayo amesema mkurugenzi au mfasiri. Nikasema amesema mfasiri, ambaye ni mwanafunzi pia. Akasema mfasiri hana kiti hapa, afasiri. Prinsipali akacheka, akipangusa sambusa kwenye koti lake. Moja alikuwa ameipata mwishoni. Wakapiga kura kwa mikono. Bwana shamba naye akanyoosha wake.

Njia nzima ya kurudi DG alikuwa na furaha. Alisema tumeonekana. Mimi nilizikalia ngumi zangu.

Yaya hakulia nilipomwambia. Aliuliza jambo moja: ile sentensi, DG aliisema? Nikamwambia hapana, alisema si atribusio yake. Akaendelea kuchambua maharage. Bwizibwera alikwenda msichana mmoja tu wa darasa lile, asiye na mtoto, na hata yeye alirudi. Kabla mwaka haujageuka Mbarara ilimnyang'anya prinsipali vyumba vyake viwili, vikawa vya maziwa moja kwa moja, na yeye na ubao wake wenye herufi kubwa wakapotelea sijui wapi. Januari shule ilimtoa yaya darasa la pili. Walimweka kijana mwenye cheti, kutoka Mbarara, ambaye watoto hawakumwelewa na yeye hakuwaelewa, na watoto wakipita karibu na shamba letu walikuwa wanasimama kwenye njia wanaimba "Good morning, teacher", na yaya, bila kuinua mgongo, anawaambia "Sit down." Wadogo walikuwa wanakaa kweli, kwenye vumbi. Ilibidi niwafukuze waende shule.

Ungefikiri komite ilijificha kwa aibu. Wapi! Mwaka ule ule DG alitangaza kolasio. Kolasio ni ile sherehe ya kutunuku vyeti. Huko kwetu ni siku kubwa, watu wanachinja. Darasa halikuwepo tena, lakini sherehe ilikuwepo. Majoho waliazima kwa kwaya, yale ya buluu yenye kola nyeupe. Vyeti alivichapisha DG mwenyewe, akavigonga mhuri wake wa duara. Aliwaita wanawake wote wa darasa lile kwa majina wakiwa na familia zao. Mama alitaka kwenda. Alisema haoni lakini atasikia jina likiitwa. Kwa sababu ya mama tu yaya alikubali, akavaa kitenge chake kizuri, akaacha jembe mlangoni pa kanisa, kwani kulikuwa na palizi.

Kanisa lilijaa. Mbele walikaa wakuu, wote wanne, wamevaa majoho ya kwaya. SGAC alikuwepo, ameweka kiti chake mbali na cha DG, shingo imenyooka. DG alihutubia. Alisema ekstansio haikufa, imepumzika. Kisha akaita jina la yaya, la kwanza, kwa kuwa alikuwa amewashinda wote katika mitihani yote aliyoruhusiwa kufanya. Mama akapiga kigelegele kule nyuma. Yaya alikwenda mbele polepole, akapiga goti kidogo, kama siku ile ya paneli. DG akamnyooshea karatasi. Yaya hakuipokea. Aliuliza kwa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la mwisho, na kwa heshima yote:

"Monsieur le DG, naomba kuuliza. Kutoa diploma ya masomo, ile ni atribusio ya nani?"

SGAC akasimama. Alisema kwamba swali ni zuri, kwamba hatimaye kuna mtu amesoma, kwamba hiyo ni atribusio yake na hakuna mwingine, na akatoa mhuri wa mraba ndani ya joho. DG akasema karatasi haitoki mkononi mwake. SGAC akaishika upande wa pili. Wa bajeti akaingilia kati, wa utawala akamvuta wa bajeti, mchungaji akaomba tuombe, na hakuna aliyefumba macho. Walikuwa wanaume wanne wenye kola nyeupe, kila mmoja ameshika kipande.

Yaya alikuwa ameshageuka. Alimshika mama mkono, akamwambia tayari, twende. Mama aliuliza kama amepewa. Yaya akamwambia bado wanaiandaa. Alichukua jembe lake mlangoni, akanipa mimi nibebe kwa sababu mkono wake mmoja ulikuwa na mama, na tulipofika kwenye maharage bado tulikuwa tunawasikia.